Mwombaji wa Kazi na Siri Zake



Nalikuwa nimekusudia mwezi huu kuendelea na mazungumzo yetu juu ya madeni ya dukani, na barua zenu nimezipata, nazo zitajibiwa in sha Allah. Lakini limenizukia jambo jingine ambalo sikuweza kulipisha, kwa kuwa limeingia mpaka barazani kwangu hapa Tanga na kuketi juu ya jamvi langu.

Alinijia binti mmoja niliyemsomesha tangu alifu mpaka akakhitimu Msahafu. Sasa ni mtu mzima, ana shahada ya uhasibu, na mwaka mzima amekuwa akipeleka maombi ya kazi huku na huku. Siku hiyo hakuja kuniamkia tu. Baada ya shikamoo aliketi, akavuta mtandio wake, akasema: "Maalim, nina jambo nataka kukuuliza, na sijui nimwulize nani mwingine."

Habari yake ni hii. Aliitwa kwenye usaili katika ofisi moja, akakuta watu watatu, wote wanaume. Wakamwuliza habari za vitabu vya hesabu, akajibu. Wakamwuliza habari za kodi, akajibu. Walipokaribia kumaliza, mmoja wao akasema: "Hebu fungua simu yako, tuuone ukurasa wako wa Instagram." Binti akaeleza kwamba ukurasa wake ameufunga, wauonao ni jamaa zake na shoga zake tu. Yule bwana akacheka, akasema: "Ndiyo maana tunataka kuuona." Basi akaufungua. Ndani mlikuwa na picha za arusi ya dada yake, za upande wa wanawake, mahali ambapo hakuingia mwanamume hata mmoja. Dada yake na nywele zake na hina yake, mama yake mdogo akicheza, wasichana wa jirani wamevaa kama wavaavyo wasichana wanapokuwa peke yao. Simu ikapita mikononi mwa wale mabwana watatu, ikarudi. Kazi hakupata.

"Maalim," akaniambia, "kazi ni riziki, Mungu ataleta nyingine. Lakini dada yangu hakuomba kazi. Mama mdogo hakuomba kazi. Nitawaambia nini? Na je, nalikuwa na haki ya kukataa?"

Nalinyamaza, kwa sababu jibu sikuwa nalo. Elimu yangu ya serikali ni ya darasa la saba, na sheria si fani yangu. Nikamwambia anipe siku chache, nikaenda kwa kijana wetu mmoja aliye wakili, nikamweleza kisa bila ya kutaja jina. Huyo akanifahamisha kwamba Katiba ya nchi yetu ya mwaka 1977, katika ibara ya 16, yalinda mambo ya ndani ya mtu, na jamaa zake, na nyumba yake, na mazungumzo yake ya faragha. Tena ikaja Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, nayo ikaunda Tume ambayo mtu aliyedhulumiwa katika habari zake aweza kuipelekea malalamiko. Jirani zetu wa Kenya walitutangulia: ibara ya 31 ya Katiba yao ya 2010 yazungumza juu ya faragha, na sheria yao ya ulinzi wa data ni ya mwaka 2019, nayo imehesabu imani ya mtu, hali ya ndoa yake na habari za jamaa zake kuwa ni mambo ya kutunzwa zaidi kuliko mengine. Wala si maneno ya karatasini tu. Mwezi wa Septemba 2023 Kamishna wa Kenya aliitoza faini shule moja shilingi 4,550,000 kwa kutangaza picha za watoto bila ya idhini ya wazazi, na baa moja ya Nairobi shilingi 1,850,000 kwa kuitangaza picha ya mteja wake bila ya ruhusa yake.

Mtu aweza kusema: hao walitangaza, na mabwana wale watatu waliangalia tu. Ni kweli, mambo mawili hayo si sawa. Lakini msingi wa sheria hizi ni mmoja, kwamba habari za mtu zichukuliwe kwa sababu iliyo halali na inayojulikana, wala zisichukuliwe kupita haja. Sasa nami nauliza: mwanamke akichezea arusi ya mwanawe, hayo yaingiaje katika daftari la mhasibu?

"Haki ya kukataa alikuwa nayo," wakili akaniambia, "lakini haki hiyo ni nzito kuinyanyua mbele ya watu watatu wenye kazi mkononi, na wewe huna." Neno hili lilinikaa moyoni, na baadaye nikaona kwamba wakubwa wa mambo haya huko Ulaya nao walilisema mwaka 2017 katika maelekezo yao kwa waajiri: kwamba ndiyo ya mtu anayetaka mshahara mbele ya mtu autoaye ni nadra kuwa ndiyo ya hiari. Wakasema tena kwamba mwajiri asidhani kuwa ukurasa ukiwa wazi kwa watu wote basi naye ana ruhusa ya kukusanya yaliyomo na kuyatumia atakavyo. Kwanza ajiulize kama ukurasa ule ni wa kazi au ni wa nyumbani, na mwombaji ajulishwe, na asipopewa kazi, yaliyokusanywa juu yake yafutwe.

Jambo hili halikuanzia kwetu. Mwaka 2009 mji mmoja wa Marekani uitwao Bozeman, katika jimbo la Montana, ulikuwa ukiwataka waombaji wa kazi za mji waandike katika fomu majina ya kurasa zao pamoja na maneno ya siri ya kuzifungulia. Watu walipopata habari walipiga kelele, na mji ukaiacha desturi hiyo katika mwezi ule ule wa Juni. Mwaka uliofuata, katika jimbo la Maryland, mtumishi mmoja wa idara ya magereza alikuwa amepumzika kazini kwa kufiwa na mama yake. Alipotaka kurudi akatakiwa neno lake la siri la Facebook, akalitoa, akaketi kutazama msaili akiperuzi maandishi yake na ya jamaa zake. Yule naye, kama binti yetu, alisema kwamba kilichomwuma ni kuona siri za wengine zikifunuliwa kwa ajili yake. Lakini yeye hakunyamaza. Alikwenda kwa watetezi wa haki, habari ikaenea, na mwaka 2012 Maryland ikawa jimbo la kwanza nchini humo kupitisha sheria ya kumkataza mwajiri asidai neno la siri la mwombaji wala la mfanyakazi. Illinois na California zikafuata mwaka huo huo, na baadaye majimbo mengine mengi.

Wanafunzi wanaotaka kwenda kusoma Marekani nawakumbusha, kwa njia ya pembeni, kwamba sheria hizo ni za waajiri, si za mlango wa nchi. Tangu 2019 fomu za visa zauliza kurasa za mwombaji za miaka mitano, na mwezi wa Juni 2025 serikali ile iliagiza kwamba waombao visa za masomo wazifungue kurasa zao zionekane na wote. Hilo ni jambo la dola, na lina mazungumzo yake.

Turudi kwa waajiri, maana neno la siri ni sehemu ndogo tu ya habari yenyewe. Wengi hawaombi kufunguliwa mlango, huchungulia dirishani. Mwaka 2018 kampuni ya Marekani iitwayo CareerBuilder, ambayo biashara yake ni kuwakutanisha waajiri na waombaji, ilitangaza kwamba katika waajiri iliowauliza, 70 katika kila 100 huwatafuta waombaji katika mitandao. Mwombaji hajui lini alitazamwa, wala na nani, wala kilichomchukiza mtazamaji. Ataambiwa kwa adabu kwamba nafasi imejaa.

Na hapa pana uchunguzi mmoja ambao Waislamu yatupasa kuujua. Wataalamu wawili wa chuo kikuu cha Carnegie Mellon, Alessandro Acquisti na Christina Fong, walitunga waombaji wa uongo na kupeleka maombi zaidi ya 4,000 kwa makampuni ya Marekani. Elimu ya waombaji hao ilikuwa moja, ujuzi mmoja, na majina yao hayakudokeza dini yoyote. Tofauti iliwekwa katika kurasa za mitandao peke yake, ambako mwajiri hafiki ila kwa kutafuta: huyu ukurasa wake wamwonyesha kuwa ni Mkristo, na huyu kuwa ni Mwislamu. Ukiitazama nchi nzima kwa jumla, tofauti ya majibu haikuwa kubwa ya kutegemewa. Lakini katika majimbo yaliyo na wafuasi wengi zaidi wa chama cha Republican, Mkristo aliitwa kwenye usaili mara 17 katika kila maombi 100, na Mwislamu mara 2 hivi. Nao walikisia kwamba waliochungulia ni kati ya sehemu moja ya kumi na sehemu moja ya tatu ya waajiri.

Nimeyataja haya si ili tuwanung'unikie watu wa mbali. Nimeyataja kwa sababu yaonyesha jinsi kuchungulia kufanyavyo kazi. Mwajiri yule akiulizwa atasema kwamba alitafuta tabia njema. Lakini jicho likishaona dini, au kabila, au mimba, au ugonjwa, haliwezi tena kujifanya halikuona. Na sisi nasi, tukiwa upande wa kuajiri, tuna macho hayo hayo.

Naona baadhi ya wasomaji wameshika kalamu kuniandikia: "Maalim, je, mtu asiulize? Nimkabidhi mwanangu, au sanduku langu la fedha, mtu nisiyemjua?" La, hasha. Kuuliza juu ya mtu utakayemkabidhi amana ni jambo la akili, na wanavyuoni wametoa ruhusa atajwe mtu kwa aibu yake pale ambapo mwingine ataka shauri la kumwoza au kushirikiana naye katika mali. Tena sisi ni umma uliopeleleza watu kuliko umma wowote! Wale waliokusanya hadithi waliandika vitabu na vitabu juu ya wapokezi, huyu mkweli, huyu mwongo, huyu kumbukumbu yake ilipungua alipozeeka. Ila tazama walipeleleza nini. Walitafuta ukweli wa ulimi na uimara wa kumbukumbu, kwa sababu hizo ndizo amana za mpokezi, na walijiona wako juu ya ukingo wa jambo la hatari, wakiogopa kusengenya. Hawakupanda ukuta wa nyumba ya mtu usiku.

Nimetaja ukuta kwa sababu ya kisa kinachosimuliwa juu ya Sayyidna Umar, ambacho Imamu Ghazali naye amekitaja: kwamba usiku mmoja alisikia makelele ya maasi nyumbani mwa mtu, akaupanda ukuta akamkuta katika maovu yake. Yule mtu akamjibu kwamba ikiwa yeye ameasi moja, Khalifa ameasi matatu: amepeleleza, na upelelezi umekatazwa, ameingia kwa ukuta, na nyumba zina milango, na hakubisha hodi wala hakutoa salamu. Makatazo hayo wasomaji wanayajua yaliko, katika Suratul Hujurat na Suratun Nur na Suratul Baqara. Na Sayyidna Umar, juu ya haiba yake yote, hakumjibu kwa kiboko. Alimwacha.

Simu iliyofungwa ni nyumba yenye mlango. Ukurasa ulioachwa wazi ni baraza: apitaye huona, hakulaumiwa kwa kuona. Lakini hata barazani, mpita njia aonaye ni mmoja, na aketiye mbele ya nyumba ya watu siku tatu akihesabu waingiao na watokao ni mwingine. Siku hizi kuhesabu huko kumepewa mashine. Mwaka 2018, huko California, kampuni moja iitwayo Predictim ilianza kuuza programu kwa wazazi wanaotafuta yaya wa kuwatazamia watoto: mzazi alipa dola 25 hivi, programu yasoma yote aliyoyaandika yaya katika mitandao kwa miaka, kisha yamtolea alama, huyu hatari yake ya madawa ya kulevya ni moja katika tano, huyu utovu wake wa adabu ni mbili katika tano. Kwa nini mbili? Programu haisemi. Gazeti la Washington Post liliifichua mwezi wa Novemba, Facebook na Twitter nazo zilichukua hatua za kuizuia isizisome kurasa zao, na kabla ya mwaka kwisha kampuni ikasimamisha kazi hiyo. Lakini programu za namna ile hazikufa pamoja nayo.

Wallahi nikiisoma habari ile nalihisi kwamba nasomewa mimi. Maana hapa yanipasa niseme yangu.

Miaka michache nyuma madrasa yetu ilihitaji mwalimu msaidizi. Akaja kijana mmoja, sauti yake nzuri, tajwidi yake imenyooka, na watoto walimpenda tangu siku ya majaribio. Mjumbe mmoja wa kamati yetu akanivuta pembeni, akanionyesha simu: kijana yule yule, jukwaani, kofia kaigeuza nyuma, kipaza sauti mkononi, anaimba nyimbo za kizazi kipya. Picha ilikuwa ya mwaka 2014, na tukihesabu, kijana wakati ule alikuwa na umri wa miaka 17. Naliitazama picha ile kwa muda mfupi kuliko ninaotumia kuchagua papai sokoni, nikasema: "Huyu hatufai." Tukamwandikia kwamba nafasi imekwisha pata mtu. Haikuwa imepata mtu. Basi mwalimu wa dini, ambaye kila mwaka awafundisha watoto ubaya wa uongo na wa kufukua aibu za watu, alifanya yote mawili katika alasiri moja, na juu yake akamnyima mtu riziki kwa jambo la utotoni ambalo hakumwuliza.

Wala sikujua hata kama ameliacha. Nalikuja kujua baadaye kwamba aliliacha zamani, na kwa sababu gani, nazo ni sababu ambazo lau angalinieleza siku ile ningalimwajiri kwa furaha. Mwaka jana tulikutana mazikoni. Akanibusu mkono. Hajui; na ikiwa ausoma ukurasa huu, basi sasa ajua, na mlango wangu yeye aujua, na neno la kuniambia analo.

Tangu hapo kamati yetu imekubaliana mambo mawili, ambayo si makubwa lakini yametufaa. Anayekuja kuomba kazi twamwambia mbele ya uso wake tutawauliza kina nani juu yake, naye awataje watu wawili wanaomjua. Na likitufikia neno baya, hatuamui mpaka tumemwita na kulisikia jibu lake. Kuhusu simu yake, hatuiombi. Mama wa nyumbani amtafutaye msichana wa kazi aweza kufanya vivyo hivyo: ampigie simu bibi aliyekuwa akimfanyia kazi kabla, amwulize kama msichana ni mwaminifu na kama ana huruma kwa watoto. Hilo lina faida kuliko kuzipekua picha zake akiwa usingizini, jambo ambalo nimeambiwa, na nimeambiwa na wafanyao, kwamba hufanywa.

Vijana nao wana lao. Msinifahamu vibaya mkadhani kwamba kwa kuwa kuchungulia ni kosa basi kuacha nguo za ndani kwenye kamba ya barabarani ni sawa. Yaliyo wazi yapitieni yote tangu mlipoanza. Yale mliyoyaandika mkiwa na miaka 15 yafuteni, na majina ya zamani ya kurasa yatafuteni, maana mtu husahau kwamba alikuwa na ukurasa wa pili. Walakini jueni kwamba kufuta kwenu hakufuti nakala iliyo katika simu ya mwenzenu. Na mkitakiwa kuifungua simu mbele ya wasaili, kuna jibu la adabu lisilo uongo: "Ukurasa huo una picha za watu wengine ambao sina ruhusa yao. Mkitaka habari zangu, nawapa majina ya watu wanaonijua." Huenda kazi ikakosekana kwa jibu hilo. Siwezi kukuahidini vingine.

Ama upande wa wanawake katika arusi, hili nalizungumza na mke wangu, naye ndiye aliyesema neno lililonyooka kuliko langu. Zamani, alisema, mlangoni mwa ukumbi alisimama mtu wa kuwazuia wanaume. Siku hizi mwanamume huingia ndani ya mkoba wa kila mwalikwa. Katika mtaa wetu wameanza kukusanya simu katika kapu mlangoni. Wengine wananuna. Wengine wanasema ni ushamba.

Binti yule nalikwenda naye mwenyewe kwa dada yake na kwa mama yake mdogo. Dada alilia. Mama mdogo aliuliza mara mbili, "Waliniona nikicheza?" kisha akakaa kimya kitambo, kisha akasema, "Mwanangu, ningalikuwa mimi nina njaa ya kazi, nami ningaliifungua." Jioni ile ile waliketi wote watatu na simu, wakazitoa picha moja baada ya moja, wakizitazama kila moja kwa mara ya mwisho. Barua kwa Tume binti ameiandika kwa msaada wa wakili wetu, na nakala yake iko kwangu. Jibu likija, nitawaarifu.